Tulipoihamisha Mashine ya Maziwa

Mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliponiambia nitoe makala kwa ajili ya jarida la mwaka huu, wenzangu walikuwa wamekwisha kugawana mada zote tamu. Mmoja alichukua ndoa za mapema, mwingine dawa za kulevya, mwingine akashika nidhamu. Nami nikasema nitaandika juu ya kuhamisha mashine pepe. Lahaula! Darasa zima likaangua kicheko, kwa! kwa! kwa! Ati mashine ya mapepo? Ati niende kwa mganga? Nikanyamaza, maana anayecheka mwisho ndiye anayecheka vizuri. Hebu basi tulieni niwaeleze.

Mashine pepe ni kompyuta isiyokuwa na mwili wake yenyewe. Huishi ndani ya kompyuta nyingine, tena kubwa, iitwayo seva. Wengi wenu mnakaa katika ploti za kupanga kule mjini, kwa hivyo mtanielewa upesi. Ploti ni moja, paa ni moja, tangi la maji ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na huita chumba chake nyumbani. Kuna keateka anayegawa maji na stima na kuhakikisha kwamba wa chumba cha tatu haingii cha nne. Katika seva, keateka huyo ni programu iitwayo haipavaiza. Wapangaji ndio hizo mashine pepe. Kila mmoja ana Windows yake au Linux yake, na hajui kabisa kwamba kuna jirani ukutani.

Msidhani jambo hili ni la juzi. Kampuni ya IBM ilikuwa ikifanya hivyo katika miaka ya 1960, huko Cambridge, Massachusetts, Marekani, na mwaka wa 1972 ikatangaza mfumo wake ulioitwa VM/370. Siku hizo kompyuta moja ilijaza ukumbi. Mwaka wa 1998 ikaanzishwa kampuni ya VMware, ambayo ilifanya ujanja huo uwezekane katika kompyuta ndogo za kawaida, na haipavaiza yake ya seva huitwa ESXi. Baadaye watu wa Linux nao wakapata ya kwao, KVM, iliyoingizwa katika Linux mwezi wa Februari 2007. KVM hutembea bega kwa bega na programu nyingine, QEMU, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2003. Halafu kuna watu wa Vienna, Austria, ambao tangu 2008 wamekuwa wakizifunga hizo mbili pamoja na kuzipa ukurasa mzuri wa kubonyeza. Hiyo ndiyo Proxmox. Huhitaji kulipa leseni ndipo uitumie.

Historia inatosha, nisije nikaambiwa nimegeuza jarida kuwa kitabu cha ithibati. Nije kwa lililonifanya nijue haya yote, maana shuleni kwetu somo la kompyuta halifundishwi.

Kwetu ni Nyandarua. Huku hatuna chai wala kahawa. Tuna baridi, viazi na maziwa. Nyanya yangu ana ng'ombe wawili wa kukamuliwa na ni mwanachama wa chama cha ushirika ambacho sitakitaja. Kila alfajiri maziwa yake hupimwa, karani akaandika kilo katika kitabu kidogo anachobaki nacho mwenyewe, na hesabu hiyo hiyo huingia katika kompyuta ya ofisi. Mwisho wa mwezi kompyuta hujumlisha, hukata deni la chakula cha ng'ombe na la daktari wa mifugo, kisha orodha hupelekwa benki. Pesa za chakula changu cha mchana hapa shuleni hutoka humo. Karo ya binamu yangu aliye katika shule ya bweni hutoka humo humo. Sasa zidisha hayo kwa mamia ya nyumba.

Seva ya chama ilikuwa nzee. Feni yake ilipiga kelele kama posho mili, na mojawapo ya diski zake ilikuwa imewasha kitaa cha rangi ya machungwa, ambacho kwa lugha ya seva ni kusema "naumwa." Ndani yake kulikuwa na ESXi toleo la 6.5, ambalo kampuni iliacha kulihudumia tarehe 15 Oktoba 2022. Ikumbukwe pia kwamba mwezi wa Novemba 2023 VMware ilinunuliwa na Broadcom, na Desemba hiyo hiyo leseni za kununua mara moja ukae nazo zikaacha kuuzwa, zikabaki za kulipia kila kipindi. Kamati ya chama ilikaa, ikatazama mfuko, ikatazama kile kitaa, ikaamua: seva nyingine inunuliwe, hata kama ni ya mtumba, na wapangaji wahamie Proxmox.

Kazi alipewa mjomba wangu. Yeye ni fundi wa kompyuta mjini Ol Kalou. Mimi huniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, yaani huyo huyo nyanya mwenye ng'ombe. Kwa kuwa ilikuwa likizo, akasema, "Mama, njoo unisaidie kuandika. Mikono yangu itakuwa kwenye kibodi na macho yangu hayawezi kuwa mahali pawili."

Tulianza Jumapili tarehe 28 Desemba 2025, baada ya maziwa ya asubuhi kupokewa. Orodha ilitakiwa benki siku ya Ijumaa tarehe 2 Januari, na Jumatatu yake shule zifunguliwe. Kamati ilitupa siku mbili. Katika siku hizo karani angeandika kila kitu kwa kalamu. Mwenyekiti alitusindikiza hadi mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mkipoteza hesabu za watu, mimi sitalala kwangu." Hakuwa anatania.

Kabla ya yote, nataka muelewe ni kwa nini kuhama kuna taabu. Mtu angedhani ni kunakili faili tu, kama unavyonakili nyimbo kwenye flashi. Kumbe sivyo. Haipavaiza haimpi mpangaji diski ya kweli wala kadi ya mtandao ya kweli. Humwonyesha vifaa vya kuigiza, naye huviamini. Vifaa vya kuigiza vya VMware si sawa na vile vya KVM. Ni kama mtu aliyezoea swichi ya taa kuwa kushoto mwa mlango. Mhamishe usiku wa giza totoro hadi nyumba mpya, ambako swichi iko kulia. Atapapasa kushoto, atapapasa, kisha atakaa chini alie kwamba hakuna stima. Stima ipo. Taa ipo. Vyombo vyake vyote vimefika salama. Ila yeye yuko gizani.

Mjomba aliniambia hivyo hivyo kwa maneno mengine. "Ikikataa kuwaka, usiulize imeharibika nini. Uliza inatafuta nini."

Basi akawasha daftari la kazi, yaani mimi. Kabla ya kuzima chochote nikaandika kila alichosoma: kumbukumbu gigabaiti 8, diski gigabaiti 200, namna ya kuwaka UEFI, kifaa cha diski LSI Logic, kadi ya mtandao vmxnet3, anwani ya IP, jina la kila kitu. Mengine sikuyaelewa hata chembe. Nikaandika tu, na kwa hati nzuri. Kisha akatoa ndani ya Windows programu iitwayo VMware Tools. Hii ni kama ufunguo wa keateka wa zamani. Ukiibeba hadi nyumba mpya, kuitoa huko huwa ni ugomvi, kwa kuwa programu yenyewe hukataa kutolewa isipokuwa iko juu ya VMware. Kuiondoa mapema ndiyo busara. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililotuokoa.

Akazima mashine, akalitafuta faili la diski yake katika seva kuukuu, na kulinakili kuelekea seva mpya. Ile diski mgonjwa ilikuwa ikijikokota kama kinyonga. Ilichukua muda wa saa nne na ushei. Tukanywa chai, tukala viazi, tukaota moto wa jiko la makaa lililokuwa nje. Baadaye QEMU ikaligeuza lile faili kutoka umbo la VMware hadi umbo ambalo Proxmox hulielewa vizuri. Mjomba akaunda chumba kipya, akaunganisha diski, akabonyeza kuwasha.

Kioo cheusi. Maandishi meupe mawili matatu yaliyosema hakuna kifaa cha kuwashia.

Nikasikia moyo ukidunda du! du! du! Mjomba wala hakushtuka. "Soma daftari. Namna ya kuwaka?" Nikasoma: UEFI. Kumbe Proxmox, usipoiambia vingine, huunda chumba kinachowaka kwa njia ya zamani, BIOS. Njia hizi mbili hazitafuti mlango mahali pamoja katika diski. Akabadilisha, akaongeza kile kidiski kidogo ambacho UEFI huwekea kumbukumbu zake, akawasha tena.

Sasa kikaja kioo cha buluu. Ile buluu ya Windows ambayo kila aliyekaa saibani anaijua. Ujumbe wake ni kwamba diski ya kuwakia haifikiki, na fundi huutambua kwa alama yake, 0x7B. "Afadhali," mjomba akasema, akatabasamu. Mimi nikamwona amepagawa. Afadhali vipi? "Afadhali kwa sababu safari hii ni Windows yenyewe inayosema. Imeliona geti. Haijauona mlango wa nyumba."

Maelezo ni haya. Windows huhitaji draiva ili izungumze na kifaa chochote. (Draiva, jamani, si dereva wa matatu, ingawa kazi yao inafanana: bila yeye hakuna anayefika.) Mjomba alikuwa ameiunganisha diski kwa kifaa cha KVM kiitwacho VirtIO, ambacho ndicho chepesi kuliko vyote. Lakini Windows haiji na draiva ya VirtIO tumboni mwake. Iliamka, ikatafuta LSI Logic yake ya zamani, ikakuta kitu isichokijua, ikakata tamaa.

Dawa yake ilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika siku hizo mbili, kwa jinsi ilivyo na ujanja. Hulazimishi. Unaiunganisha ile diski kubwa kwa kifaa cha kawaida kabisa, SATA, ambacho Windows inakijua. Inawaka polepole, lakini inawaka. Kisha unaitengenezea diski nyingine ndogo sana, gigabaiti 1, tupu, isiyo na maana yoyote, na hiyo ndiyo unayoiunganisha kwa VirtIO. Windows ikiiona inauliza, "Huyu mgeni ni nani?" Nawe unaipa diski ya draiva za VirtIO, isome, imtambue. Ikishamjua mgeni kupitia kile kidiski cha bure, unaizima, unakitoa kile kidiski, unaihamisha diski kubwa kwenda VirtIO, unakumbuka kuiambia mashine iwakie hapo, na mambo yanakwenda. Ni kama kumtambulisha mtoto kwa mjakazi mpya mchana, ukiwapo, kabla ya kumwachia usiku.

Basi, SATA. Kuwasha. Vidoti vya Windows vikaanza kuzunguka. Vikazunguka, vikazunguka, halafu, hamadi! pakaja mahali pa kuandika nywila. Nikaruka juu kwa shangwe. Saa hizo ilikuwa yapata saa tatu usiku. Mjomba akaingia, akafungua orodha ya programu zilizomo ili atazame toleo la hifadhidata kabla ya kuweka draiva.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na daftari. Macho yangu yakapita kwenye ile orodha kutoka juu hadi chini, na karibu na mwisho yakaona maneno VMware Tools.

"Mjomba," nikasema, "hii si uliitoa mchana?"

"Niliitoa."

"Mbona iko?"

Hakujibu. Aliondoa mkono wake kwenye kipanya polepole, kama mtu aliyegusa kitu cha moto. Kisha akafungua programu ya maziwa, akaingiza namba ya uanachama ya nyanya. Zikaja kilo zake, siku kwa siku, safi kabisa, na ya mwisho ilikuwa ya tarehe 12 Juni 2021.

Miaka minne na nusu ilikuwa haipo. Akajaribu namba ya mwenyekiti. Juni 2021. Akajaribu ya jirani yetu. Juni 2021. Kimya kilitanda humo ofisini hata nikasikia ile feni kuukuu ikisaga upande wa pili. Nilifikiria Ijumaa. Nilifikiria mstari wa akina mama nje ya ofisi, kila mmoja na kitabu chake, na mwenyekiti asiyelala kwake. Machozi yalinilenga lenga, siwafichi.

Mjomba alikaa kimya kwa muda, halafu akasema jambo moja tu: "Nzuri ni kwamba ya zamani hatujaigusa."

Hapo sharti nifafanue, kwa sababu fundi yeyote anayesoma haya atakuwa ameshajua. Haipavaiza ina uwezo wa kupiga picha ya mashine. Si picha ya kamera. Unasema, "Hali ilivyo sasa, ishike." Tangu dakika hiyo faili la diski hufungwa, haliandikwi tena, na kila badiliko huenda kuandikwa katika faili la pili linalolalia juu ya lile la kwanza. Fundi hufanya hivyo kabla ya kujaribu jambo la hatari, ili likiharibika arudi nyuma. Jambo likifaulu anatakiwa aifute ile picha, na mafaili mawili yaunganishwe yawe moja. Mwezi wa Juni 2021 kuna mtu aliyepiga picha. Hakuifuta. Kwa miaka minne na nusu kila tone la maziwa la kata yetu lilikuwa likiandikwa katika faili la pili, lenye jina lile lile lakini lililomalizikia kwa 000001. Mjomba alikuwa amechukua lile lenye jina la mashine, ambalo kwa macho ndilo lililoonekana kuwa diski yenyewe.

Na angalieni hatari ilivyo tamu. Mashine iliwaka! Haikulalamika. Ilikuwa nzima, yenye afya, na imepitwa na miaka minne na nusu. Kioo cheusi kilitwambia ukweli. Cha buluu kilitwambia ukweli. Aliyetudanganya ni huyu aliyetukaribisha kwa nywila na vidoti. Kama mjomba angekuwa mtu wa haraka, angefuta ile seva kuukuu usiku ule ule ili akaiuze kama vyuma. Wako wanaofanya hivyo. VMware Tools ilikuwa bado imo kwa sababu kitendo cha kuitoa, kilichofanyika mchana huo, kiliandikwa katika faili la pili. Ndicho kilichotufumbua macho.

Tulilala pale ofisini juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe, mimi nikajifunika koti la mlinzi lililonuka moshi. Mjomba hakulala sana.

Jumatatu alfajiri akaanza upya, na sasa kwa njia nyingine. Hakutaka kuiambia seva mgonjwa iunganishe yenyewe yale mafaili mawili, kwa hofu kwamba ile diski ingekufa katikati na kufa na vyote. ESXi ina amri yake ya kunakili diski, iitwayo vmkfstools. Ukiipa faili la mwisho katika mnyororo, hufuata kiungo baada ya kiungo hadi mwanzo, na kuandika mahali pengine diski moja iliyokamilika, bila kubadilisha zile za asili. Mahali pengine palikuwa ni katika seva mpya, kupitia kebo. Ikaanza kuhesabu asilimia. Asilimia 3. Asilimia 4. Jamani, nimewahi kungoja matokeo ya mtihani wa darasa la nane, lakini sikungoja kama nilivyongoja asilimia zile. Ilipofika 61 ikasimama kwa muda hata mjomba akavua kofia. Ikaendelea.

Kufikia saa saba mchana tulikuwa nayo. Mambo ya UEFI na SATA hayakutusumbua tena, maana tulishajua swichi ziko wapi. Ikawaka. Kabla ya chochote nikaambiwa nitazame orodha ya programu. VMware Tools haikuwamo. Mjomba akaingiza namba ya nyanya, nami nikampigia simu.

"Nyanya, chukua kitabu chako cha maziwa. Jumla ya Desemba mpaka jana asubuhi ni ngapi?"

"Kwani wanataka kunidhulumu?"

"Hapana nyanya, wewe soma tu."

Akasoma mstari kwa mstari kwa sauti, hataki kuruka hata siku moja, na mimi nikijumlisha daftarini. Ikawa kilo 304. Kwenye kioo ilikuwa kilo 304. Tukapima na vitabu vingine vitano vya watu waliokuwa wamekuja dukani kununua chumvi ya ng'ombe, na vyote vikakubaliana. Ndipo draiva za VirtIO zikawekwa kwa ule ujanja wa kidiski cha bure, na safari hii diski kubwa ilipohamia huko hakukuwa na buluu.

Hata hivyo taabu haikwisha. Mjomba alipotaka kuipa Windows anwani yake ya IP ya zamani, ikakataa, ikasema anwani hiyo tayari inamilikiwa na kadi nyingine. Kadi gani? Kulikuwa na moja tu. Kumbe Windows ilikuwa bado inaikumbuka ile kadi ya VMware, ambayo haipo tena duniani, na imeiwekea urithi wake. Ukifungua orodha ya vifaa na kuiambia ionyeshe vilivyofichika, unaiona imesimama hapo, imefifia kama kivuli. Sasa hilo, wenzangu mliocheka, ndilo pepo la kweli katika hadithi hii. Ukilifuta, anwani inakubali.

Mpangaji wa pili alikuwa Linux, mwenye kazi ya kupokea hesabu kutoka vituo vya mbali na kutuma ujumbe wa simu kwa wanachama. Huyu alihama kwa adabu. Linux huja na draiva za VirtIO, kwa hivyo aliwaka mara ya kwanza bila neno. Ila hakuweza kuongea na mtu. Mtandao haupo. Mjomba akaitisha orodha ya kadi, nami nikaangalia daftari langu. Nilikuwa nimeandika ens192. Kwenye kioo palikuwa na ens18. Linux huipa kadi jina kufuatana na tundu ilimochomekwa, na tundu za kuigiza za VMware hazina namba sawa na za Proxmox. Faili la mipangilio lilikuwa likitoa maagizo kwa ens192 ambaye hayuko, naye ens18 amekaa tu hana aliyemwambia afanye nini. Mjomba akanipisha kwenye kiti. "Mama, badilisha wewe." Nikafuta 192, nikaandika 18, kwa uangalifu nisiharibu nafasi za mwanzo wa mistari kwani faili hilo lina kisirani juu ya nafasi. Sekunde chache baadaye simu ya karani ikalia ti! ti! Ujumbe wa majaribio.

Karani alitumia Jumanne na Jumatano kuingiza yale ya kalamu. Orodha ilifika benki Ijumaa saa nne asubuhi. Seva kuukuu mjomba aliizima lakini akakataa isitoke pale ofisini hadi malipo ya Januari nayo yapite, akaifunika gunia na kuandika juu yake kwa kalamu nene: USIGUSE. Mwenyekiti alilala kwake.

Wiki hiyo nilimkuta nyanya uani, ujumbe wa malipo ukiwa wazi kwenye simu yake, amekunja uso. Nikadhani kumetokea jambo. Kilo zilikuwa sawa. Bei ilikuwa sawa. Akanionyesha mstari wa makato, pale penye deni la magunia mawili ya chakula cha ng'ombe aliyoyachukua Novemba.

"Si mlisema mmehamisha mashine?" akaniuliza. "Na hili deni nalo mlilibeba la nini?"